Umoja wa Nchi Jirani na Shamba la Mkonge

Mwezi uliopita kamba ya bendera ya shule yetu ilikatika. Tulimtuma mtoto wa darasa la sita dukani, naye akarudi na kamba ya plastiki, rangi ya buluu, yenye karatasi isemayo kwamba imefanyizwa Asia. Tukamwuliza kama hakuona kamba ya katani. Akajibu, "Mwalimu, mwenye duka asema haipo, hata yeye hajaiona siku nyingi." Mwenzake aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Lakini Mwalimu, mkonge si ule pale?" Kweli ulikuwa pale. Hapa kwetu wilayani Muheza, ukisimama dirishani pa darasa letu waona mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Watoto wakacheka, nasi tukacheka nao, tukaendelea na hesabu.

Lakini ndugu wasomaji, neno la mtoto yule limetukaa moyoni, na leo twataka kulijibu. Twalijibu katika gazeti hili kwa kuwa lahusu jambo ambalo wakubwa wetu hulizungumza kila mwaka huko Arusha, yaani umoja wa nchi za Afrika ya Mashariki.

Wako watu, tena wenye elimu kutupita sisi, wasemao kwamba umoja huo ni kazi nyepesi. Wasema, ondoeni ushuru mipakani, fungueni njia, na biashara itakwenda yenyewe kama maji yateremkavyo bondeni. Sisi twakataa. Maji hufuata mfereji, na mifereji ya nchi hizi ilichimbwa zamani ielekee baharini, haikuchimbwa kwenda kwa jirani. Nchi iliyofanywa kuwa shamba la watu wa ng'ambo haina kitu kikubwa cha kumwuzia nchi nyingine iliyofanywa vivyo hivyo. Zote mbili zaja sokoni na kikapu kile kile, zamngojea mnunuzi yule yule.

Tazameni jinsi shamba lilivyoanza. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, kwa ajili ya Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki. Ilitumwa miche 1,000, lakini iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo mkonge ukaenea Tanga, Korogwe, Morogoro, Kilosa, hata Lindi. Mwaka ule ule wa 1893 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza walianza yao Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kisha Wadachi wakaanza nyingine Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914.

Sasa chukueni ramani ya darasani mzifuate reli hizo kwa kidole. Kila moja yaanza bandarini na kuingia bara, kama mikono mitatu iliyotiwa katika sinia moja, wala hapana mkono ulioushika mwenzake. Ile ya Tanga na ile ya Mombasa ziliunganishwa kati ya Voi na Kahe wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na sababu haikuwa biashara: majeshi ya Waingereza yalitaka njia ya kuingia katika nchi ya Wadachi. Na reli ya Tanga na ile ya kati, ambazo zote mbili ni za nchi yetu moja, hazikuungana mpaka mwaka 1963, wageni wamekwisha kushusha bendera yao. Kwa muda wa miaka hamsini hivi mtu wa Korogwe aliyetaka kwenda Morogoro kwa treni hakuwa na njia. Mwenye shamba hakuhitaji njia hiyo, maana marobota yake ya katani yalikwenda gatini, basi.

Wala tusidhani kwamba shamba halikujua kuvuka mipaka. Lilijua sana, tena kabla ya serikali zetu. Wabondei, Wazigua na Wasambaa walikuwa na mashamba yao ya chakula karibu, hawakuupenda mkonge wenye miiba kwa mshahara ule. Kwa hiyo mikono ikatafutwa mbali. Wakaletwa Waha kutoka Kigoma, Wafipa, Wanyamwezi, Wangoni wa Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi na Wanyaruanda. Mwaka 1944 wenye mashamba wakafungua ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, jina lake SILABU. Watu wakaandikwa kwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na kila mmoja alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama, na pasipo alama hapakuwa na mshahara wa siku ile.

Hebu tuifikiri hesabu ya mshahara huo, maana ndani yake mna siri kubwa. Ulikuwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Lakini wengi walikuwa nao! Mke alibaki Kasulu au Urundi na jembe lake, akalisha watoto, akamtunza mkwewe, na mume aliporudi mgonjwa akamtunza yeye pia. Kwa hiyo shamba la mahindi la mwanamke yule wa Kasulu lilikuwa likilipa sehemu ya gharama ya mkonge wa Tanga, na jina lake halikuandikwa katika daftari yo yote. Nchi zile za bara hazikujengewa viwanda wala mashamba makubwa, kwa sababu kazi zilizopewa ilikuwa kuzaa watu na kuwalisha mpaka wafike umri wa kukata mkonge.

Asubuhi tunapoita majina darasani twaita ya Kirundi, ya Kiha na ya Kimakonde, na watoto wenyewe hawazijui lugha hizo. Wajua Kiswahili na Kibondei. Babu zao walifika kwa treni na kwa miguu, wengine hawakuweza kurudi. Twawaambieni, jumuiya ya kwanza ya nchi hizi ndiyo hiyo ya manamba. Ilivusha watu wengi sana mipakani, na mali ikaenda upande mmoja tu.

Na jani lenyewe? Katika ratili 100 za jani la mkonge, katani ni kama ratili 4 tu. Jani huingia katika korona (hilo ni jina la kale la mashine ya mkonge, halina uhusiano na ugonjwa ule wa mwaka 2020), singa zikatoka, na sehemu nyingine yote ikatupwa. Singa hukaushwa, hupigwa brashi, hufungwa marobota. Kwa zamani nyingi kazi yetu karibu yote iliishia hapo. Kusokota kamba, kufuma magunia, kufanyiza mazulia, kazi hizo zenye faida na ufundi zilifanywa kwa wingi katika nchi nyingine. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa katani zaidi ya tani 200,000, ikawa ya kwanza duniani. Ndipo nailoni na plastiki zikaingia kwa nguvu, bei ikaanguka, nasi hatukuwa na ufundi mwingine wa kushika. Katika miaka ya mwisho ya 1990 katani ya nchi nzima ilikuwa kama tani 20,000.

Watu wengine husema mashamba yaliharibika kwa sababu serikali iliyatwaa mengi mwaka 1967. Hatukatai kwamba yaliendeshwa vibaya. Wazee wetu waliofanya kazi humo wamekwisha kutuambia mengi. Lakini kosa lililotangulia ni jingine. Serikali ilibadili mwenye shamba, shamba lenyewe ikaliacha jinsi lilivyokuwa: zao moja, robota moja, gati moja, na bei isemwayo na mtu aliye ng'ambo.

Turudi sasa kwenye umoja. Kenya na Uganda ziliunganishwa ushuru wa forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kabisa mwaka 1927. Kwa kuwa masetla wengi walikaa Kenya, viwanda vilikusanyika Nairobi, na watu wa Uganda na Tanganyika wakawa wanunuzi. Viongozi wetu walipopata uhuru waliliona jambo hili. Mwaka 1964 walikutana Kampala wakapatana kugawana viwanda: nchi hii ifanyize kitu hiki, nchi ile kile, na kila kiwanda kiuze katika soko la nchi zote tatu. Kwa maoni yetu hapajafanywa mapatano ya akili zaidi kuliko hayo katika habari zote za umoja wetu, nayo hayakutimizwa. Kiwanda cha matairi kilikuwa fungu la Tanganyika. Baada ya miaka michache viwanda vya matairi vikawa viwili, kimoja Arusha na kingine Nairobi, kila kimoja na kampuni yake ya Marekani nyuma yake. Wageni wawili walishindana, nasi tukagawanyika ili kila mmoja wao apate mahali pa kukaa.

Mwaka 1967 Jumuiya ikaundwa kwa mkataba, makao yake Arusha. Ilikuwa na Benki ya Maendeleo iliyotakiwa kutoa sehemu 38¾ katika 100 za mikopo yake kwa Tanzania, kiasi hicho hicho kwa Uganda, na 22½ kwa Kenya, ili walio nyuma wapate kusogea mbele. Tena nchi iliyonunua zaidi kwa jirani kuliko ilivyomwuzia ilipewa ruhusa ya kutoza kodi juu ya bidhaa za viwanda vya jirani huyo, ili viwanda vyake vichanga vipate kuota. Dawa hiyo ilikuwa njema, ila haba kwa ugonjwa ule. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983.

Kila mtu hukumbuka ugomvi wa wakubwa: Amin alitwaa Uganda mwaka 1971, Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, na Kenya na Tanzania zilitupiana maneno. Ni kweli. Lakini watu wenye kazi moja hugombana na kupatana, maana kazi yawavuta kurudi. Je, ni kazi gani iliyotuvuta sisi? Katani ya Tanga haikuhitaji kahawa ya Buganda, wala chai ya Kericho haikuhitaji pamba ya Usukuma. Zote zilihitaji meli.

Jumuiya ilifufuka kwa mkataba wa mwaka 1999, na tangu mwaka 2024, Somalia ilipoingia, ina nchi 8. Twaifurahia. Hata hivyo kwa miaka mingi biashara ya nchi hizi zenyewe kwa zenyewe haikufika sehemu 1 katika 5 ya biashara zao zote. Na shamba bado lina nguvu ya kutupasua. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilikuwa zikijadiliana kwa pamoja na nchi za Ulaya juu ya mkataba wa biashara. Mapatano yalipochelewa, Ulaya ikatoza ushuru maua ya Kenya kwa muda wa kama miezi 3, lakini haikutoza nchi nyingine za Jumuiya, kwa kuwa hizo zahesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikatia sahihi. Tanzania ikakataa, ikisema viwanda vyake vichanga vitakufa. Mwishowe Kenya ikafanya mkataba wake peke yake mwaka 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Hatuwalaumu Wakenya. Mwanamke akataye waridi Naivasha ana watoto kama wetu, na waridi lililokosa soko haliwezi kupikwa. Lakini oneni nguvu ya zao moja! Nchi nzima imetolewa katika safu ya wenzake na ua lisiloliwa, linalokatwa leo na kuuzwa kesho kutwa katika Ulaya. Kesho huenda ikawa sisi, kwa ajili ya katani au korosho.

Tena si Afrika peke yake. Ng'ambo ya Atlantiki viko visiwa vya Karibi, ambavyo vilifanywa mashamba ya miwa kwa mikono ya watumwa waliotekwa Afrika. Mwaka 1958 nchi 10 za visiwa vile vya Waingereza ziliungana kuwa shirikisho moja. Watu wa Jamaica wakapiga kura mwaka 1961 kutoka, na mwaka 1962 shirikisho likavunjika. Kila kisiwa kilikuwa na sukari yake, na sukari yote iliitazama Uingereza. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa huko, Havelock Brewster na Clive Thomas, walitoa kitabu kusema kwamba kuondoa ushuru hakutoshi. Lazima nchi hizo ziunganishe kazi ya kufanyiza vitu, hiki kitoke hapa, kile kitoke pale, mpaka kitu kimoja kikamilike. Ndilo shauri lile lile la Kampala, nalo halikufuatwa sana huko pia. Kisiwa cha St Kitts kilifunga kazi yake ya sukari mwaka 2005, baada ya miaka zaidi ya 300, na shamba halikukiachia ufundi mwingine.

Sasa tuwaonyeshe kitu cha hapa nyumbani ambacho chafanya kazi ya umoja bila mkutano, nacho ni machungwa yetu. Kila msimu malori ya wafanya biashara wa Kenya huingia vijijini Muheza, wakapanga bei na mkulima penye mti, wakavuka Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi. Hapana Mdachi aliyeyapanda machungwa haya kwa ajili ya meli. Ni ya wakulima wadogo, na mlaji wake ni jirani. Vivyo hivyo mahindi, vitunguu na maharagwe huvuka huku na huku, ingawa maofisa wa mipakani huyasumbua kuliko wanavyosumbua makasha yatokayo melini. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, malori yalisimama mipakani. Afya ya watu ni jambo la haki, lakini mtu angeweza kupima mahindi bila kuzuia nchi mbili nzima.

Hata hivyo tusijisifu kwa machungwa. Twayauza mabichi, kwa lumbesa, na bei huanguka msimu unapokolea hata mengine yaozea chini ya miti. Watoto wetu hunywa maji ya machungwa ya kasha yaliyokamuliwa mbali. Mwendo ule wa mkonge umeanza kuingia katika machungwa, nasi twautazama.

Msomaji atauliza, "Je, walimu wataka mkonge ung'olewe?" La, hasha. Wako vijana wa kijiji hiki wanaolishwa na mkonge, na tangu miaka ya mwisho ya 1990 wakulima wadogo wa Korogwe wamepewa sehemu za mashamba ya zamani walime wenyewe. Jambo hilo ni jema, ila mkulima mdogo akilima mkonge na korona ikawa ya mtu mwingine, na bei ikatoka kwa mtu wa tatu, amekuwa manamba mwenye hati ya shamba. Tutakalo ni kazi iendelee mbele ya robota. Kahawa ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi na ya Moshi yasafiri katika magunia, na mengi ya magunia hayo ni ya juti, nyuzi zitokazo Asia. Wavuvi wa Ziwa Nyanza wafunga ngalawa zao kwa kamba. Mbuzi wa nchi zote 8 wafungwa kwa kamba! Wakubwa wakipatana kwamba magunia na kamba hizo zitoke Tanga, na Tanga nayo inunue kwa Uganda au Kenya kitu ambacho wao wamepewa kufanyiza, basi pakitokea ugomvi tena kama ule wa 1977, mwenye kahawa atakwenda kumsihi mkubwa wake apatane na jirani, maana hana gunia.

Watatuambia kwamba kamba ya plastiki ni rahisi kuliko ya katani. Ni kweli, tuliilipa wenyewe. Lakini nani aliyehesabu urahisi huo? Hakumhesabu kijana wa Muheza aendaye Dar es Salaam kuuza maji barabarani kwa kukosa kazi, wala ng'ombe afaye kwa kula plastiki. Na ushuru wa forodha wa Jumuiya, ambao nchi zetu huutoza bidhaa za nje kwa pamoja tangu mwaka 2005, kazi yake ni nini ikiwa si hii?

Katika mkutano wa kijiji mwezi huu tulimwuliza diwani maneno haya mbele ya watu. Alisema ni mambo ya juu, yeye hana mamlaka nayo. Twamheshimu, lakini machungwa si mambo ya juu, na mashine ya kukamua si reli. Tumemwomba jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, nalo likaandikwa. Mwenye kuona kwamba tumekosa, hasa wale wasemao tufungue milango tu, na aandike katika gazeti hili, nasi tutasoma.